Ulivaa kondomu, haikupasuka, lakini hofu ya VVU haikuachi: tuongee kwa kirefu

Mnasihi

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mnasihi kwenye huduma za upimaji wa VVU, na kuna mgeni niliyemzoea ingawa kila anapokuja ana sura mpya. Ni mwanaume, anaongea kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Alikutana na dada poa. Kondomu aliivaa kabla ya kuingia, akaivua baada ya kumaliza, haikupasuka wala haikuchomoka. Tangu siku hiyo hali wala halali. Amesoma kila kitu kuhusu dalili za UKIMWI, na kila alichosoma amekiona mwilini mwake. Wengine moyoni wameshaanza kuaga watoto.

Uzi huu ni kwa ajili yake. Nitaandika kwa kirefu, maana majibu ya "usijali mkuu uko salama" anayapata kila siku na hayamfikishi asubuhi.

Nianze na hali mbaya kuliko zote: mwanamke ana VVU, hatumii dawa, na mmefanya kavu. Makadirio wanayoyatumia wataalamu ni kwamba mwanaume anayeingiza ukeni huambukizwa takriban mara 4 katika matendo 10,000. Mwanamke anayeingiliwa ukeni, takriban mara 8. Njia ya haja kubwa ni habari nyingine kabisa: anayeingiliwa ni takriban 138 katika 10,000, anayeingiza ni 11. Huo ni wastani tu. Hatari hupanda kukiwa na vidonda vya magonjwa ya zinaa, na hupanda sana mwenye virusi akiwa ameambukizwa siku za karibuni, maana kipindi hicho virusi hujaa damuni. Wapo walioambukizwa kwa tendo moja. Kwa hiyo asije mtu akasema nimeruhusu kavu.

Sasa weka kondomu juu ya hesabu hiyo. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ulaya uliofuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana. Zama zile hakukuwa na dawa za kufubaza virusi kama za leo. Wapenzi 124 walitumia kondomu kila mara, bila kuruka, na kwa jumla walifanya tendo takriban mara 15,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wale waliotumia leo na kesho wakaacha, baadhi yao waliambukizwa.

Rudia kusoma hapo, ndugu yangu. Hao walijua kabisa kuwa mwenzao ana virusi, na walilala naye miezi na miaka. Wewe unazungumzia usiku mmoja, na mtu ambaye hata hujui kama anavyo.

Najua wengine mmekutana na ile takwimu kwamba kondomu hukinga VVU kwa asilimia 80 na mkashtuka, mkadhani watumiaji 20 katika kila 100 huambukizwa. Sivyo inavyosomwa. Inalinganisha watu wanaosema hutumia kondomu kila mara na wasiotumia kabisa: kwa kila maambukizi 100 ambayo yangetokea bila kondomu, takriban 80 hayatokei. Na ndani ya hao wanaosema "kila mara" kuna waliochelewa kuvaa, waliovua katikati, na waliomwambia mtafiti jibu la kupendeza. Kondomu iliyovaliwa mwanzo hadi mwisho na ikabaki nzima haipitishi virusi.

Lenye kuhitaji umakini kweli ni haya: ilipasuka, ilichomoka ikabaki ndani, uliivaa baada ya kuwa umeshaingia, au ulitumia mafuta ya kupaka kama kilainishi. Mafuta, losheni na Vaseline huidhoofisha lateksi, yaani mpira wa kondomu za kawaida, kwa muda mfupi sana. Kilainishi cha maji au cha silikoni hakina shida. Zipo pia kondomu za utumbo wa kondoo. Zile huzuia mimba lakini virusi hupenya. Kama hakuna hata moja kati ya hayo lililokutokea, nakuomba uendelee kusoma huku ukipumua.

Njia_Panda

Mkuu umeniandikia mimi. Kondomu ilikuwa nzima, niliitazama kwenye mwanga. Ila nilimshika sehemu zake kwa mkono, kisha mkono huohuo nikavalia kondomu. Pia alininyonya kidogo kabla hatujavaa. Bado hata wiki haijaisha na koo linawasha, ulimi una utando mweupe, usiku nalowa jasho, na nikibonyeza shingoni nasikia tezi. Nimejisomea, hizo zote ni dalili. Kazini nakaa tu, siwezi kufanya lolote.

Mnasihi

Kaka, pole sana. Nakujibu moja moja.

Mkono. VVU haviingii kwenye ngozi nzima, na majimaji yakishatoka mwilini na kukutana na hewa virusi hupoteza nguvu haraka. Kushika kisha kuvaa kondomu hakumo kabisa kwenye orodha ya njia za maambukizi. Kunyonywa: mate yenyewe hayaambukizi VVU, na kwa anayenyonywa hatari ni ndogo kiasi kwamba wataalamu huiweka karibu na sifuri. Ila kwa njia hiyo unaweza kupata kisonono, kaswende au malengelenge, na haya tutayarudia, maana watu wenye hofu ya VVU huyasahau kabisa.

Dalili. Homa ya mwanzo ya VVU, kwa wanaoipata, huja kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 4. Koo la siku ya pili au ya tatu haliwezi kuwa lake. Na hata zikija wakati wake, zinafanana na mafua, malaria, uchovu na mengine mengi. Zaidi ya hayo, wapo walioambukizwa bila kuona dalili yoyote. Ndiyo maana mimi sijawahi kumwambia mtu ana VVU au hana kwa kutazama koo lake. Dalili hazithibitishi na hazikanushi.

Hofu nayo ina mwili wake. Inaamsha jasho, inakausha mdomo, inaharisha, inapeleka moyo mbio, inakata usingizi. Ulimi mweupe wanao watu wengi wazima wasio na tatizo lolote. Tofauti ni kwamba hawautazami kwenye kioo asubuhi, mchana na jioni. Na tezi ukizibonyeza siku nzima zitauma. Toa vidole shingoni, kaka, nakuomba.

Bingwa_wa_Hoja

Mnasihi mimi sikupingi ila watu waambiwe ukweli. Kondomu zina vitundu vidogo, na kirusi ni kidogo kuliko mbegu za kiume. Hili limesemwa miaka mingi na hakuna anayelijibu.

Mnasihi

Limejibiwa, ndugu, na linastahili kujibiwa tena kwa sababu limewafanya watu waache kuvaa wakisema "kwani kuna faida gani".

Kirusi cha VVU kina ukubwa wa nanomita 100 hivi, ni kweli ni kidogo mno kuliko mbegu ya kiume. Lakini hakitembei peke yake. Kimo ndani ya majimaji. Kila kondomu hupimwa kwa umeme kiwandani kabla ya kufungwa, na katika kila shehena huchukuliwa sampuli, zikajazwa maji kutazama kama zinavuja na zikajazwa hewa hadi zipasuke. Na ukiacha maabara kuna watu wenyewe. Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliamua kondomu itumike katika kila danguro bila ubaguzi. Kati ya 1989 na 1993 matumizi kwenye biashara ya ngono yalipanda kutoka asilimia 14 hadi 94, na magonjwa makuu ya zinaa kwa wanaume yalishuka kwa asilimia 79. Mpira wenye matundu haufanyi hivyo.

Mama_wa_Usiku

Nimesoma nikaona niseme, maana mnatuzungumzia kama vile hatujui kusoma.

Mimi ndiyo kazi yangu. Ninapima kila baada ya miezi mitatu na ninameza PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo. Wenzangu wengi wanaoishi na virusi wako kwenye dawa na virusi vyao havionekani tena kwenye kipimo. Siwezi kusema wote, wapo waliobanwa na maisha, wapo wanaoogopa kwenda kliniki kwa jinsi wanavyopokelewa. Lakini kondomu chumbani huwa ni yangu. Anayebembeleza tuivue ni mteja. Anayeongeza hela ili tuivue ni mteja. Na kuna wanaoivua kimyakimya wakidhani sijui.

Halafu mwanaume huyohuyo akifika kwake anaanza kutetemeka na kusema yule mwanamke kaniua. Kaka zangu, usiku ule mimi ndiye niliyekukinga. Na mimi pia nina mtoto ninayetaka kumuona akikua, hofu siyo ya kwenu peke yenu.

Mnasihi

Dada, asante sana kwa kuingia. Nimesikia maneno yako kutoka kwa wenzako wengi. Na niseme wazi kwa wasomaji: kuvua kondomu bila mwenzako kujua ni kumdhulumu, hata kama umemlipa.

Muumini

Mbona mnazunguka? Dawa ya hofu hii ni kuacha zinaa. Ukiacha hutatetemeka. Kuwafariji ni kuwapa moyo waendelee.

Naishi_Nayo

Ndugu Muumini, imani yako naiheshimu na mimi pia nasali. Ila nikuombe utazame upande wangu kidogo.

Mimi nina VVU, mwaka wa kumi na kitu sasa. Sikuvipata kwa dada poa. Nilivipata ndani ya ndoa, na mwenzangu hakuwa anajua kuwa anavyo kwa sababu aliogopa kupima. Hofu ya namna hii mnayoiongelea hapa ndiyo iliyomzuia. Mtu akishaambiwa kuwa ugonjwa ni adhabu, hatakwenda kuipima adhabu yake. Atajificha nayo, na atawapa wengine.

Leo nameza kidonge kimoja kwa siku. Wingi wa virusi wangu haugunduliki, na asiyegundulika haambukizi kwa ngono. Hayo si maneno ya kunifariji: utafiti ulioitwa PARTNER ulitoa matokeo mwaka 2016, takriban matendo 58,000 bila kondomu kati ya mwenye virusi visivyogundulika na asiye navyo, na hakuna maambukizi hata moja yaliyotoka kwa mwenza huyo. Awamu ya pili, kwa wapenzi wa kiume, ilitoka 2019: matendo zaidi ya 76,000, jibu lilelile.

Huwa naumia nikisoma mtu anaandika "bora nife kuliko kuwa nayo". Sisi tunaoishi nayo tunasoma pia. Tunafanya kazi, tunazaa watoto wasio na virusi, tunazeeka. Ogopa ukipenda, lakini usituweke sisi kuwa ndiyo picha ya mwisho wa dunia.

Mnasihi

Sina la kuongeza hapo zaidi ya shukrani.

Haamini_Vipimo

Mimi kesi yangu imepitiliza. Kondomu haikupasuka. Nimepima mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa sita, vituo tofauti, zote hasi. Kila nikitoka napata amani siku mbili tatu, halafu akili inasema labda kipimo kimeisha muda, labda mwili wangu hautoi kingamwili, labda walibadilisha sampuli. Sasa hivi nafikiria kupima tena. Mchumba wangu nimemkwepa muda wote huu, anadhani nina mwanamke mwingine. Nisaidieni.

Mnasihi

Ndugu yangu, huna VVU. Nakuambia hivyo kwa uhakika, kwa maelezo uliyoyatoa. Kipimo cha maabara cha kizazi cha nne, kinachotafuta kingamwili pamoja na antijeni ya p24 (kipande cha kirusi chenyewe) kwenye damu ya mshipani, hukamilisha jibu ifikapo siku 45. Vile vya haraka vya kutoboa kidole au vya mate vinavyotafuta kingamwili pekee, tunasubiri siku 90. Wewe umepita yote hayo, na tena zaidi. Kipindi cha dirisha, yaani muda ambao kipimo bado hakiwezi kuyaona maambukizi, kwako kilishafungwa.

Lakini ona: nimekuambia, na najua jibu langu nalo litakupa siku mbili tatu. Ndiyo maana sitakushauri kupima tena. Kila unapopima unapata nafuu, na nafuu hiyo inaifundisha akili kuwa hatari ilikuwa ya kweli na kwamba kipimo ndicho kimekuokoa. Kesho inadai kingine. Ni kama kujikuna upele: unatulia kidogo, kisha unawasha kuliko mwanzo. Kinachokutesa sasa kina jina, ni wasiwasi wa kiafya, na kwa wengine ni ugonjwa wa mawazo ya kulazimisha. Hutibika. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kuyaona mawazo yako yanavyoenda na kuacha taratibu vile vitendo vya kujihakikishia imesaidia watu wengi sana, na daktari anaweza kuongeza dawa ikihitajika. Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, umwambie kila kitu kama ulivyotuambia sisi. Usiende kwenye kituo kingine cha kupima.

Kuna swali huwa nawauliza watu wa namna yako wakishatulia. Je, mara ya mwisho kulala bila kondomu na mtu ambaye hujui hali yake ilikuwa lini? Wengi wananyamaza kwanza. Halafu inatoka: alikuwa rafiki wa chuo, jirani, mfanyakazi mwenzao, kavu, zaidi ya mara moja, na hawakupima wala kukosa usingizi hata usiku mmoja. Hatari iliyokuwepo kweli haikuwatisha. Iliyowatisha ni ile waliyojikinga. Kwa nini? Kwa sababu kwa dada poa kuna aibu. Kuna kiapo kimevunjwa, kuna mama atakayesikia, kuna picha mtu aliyokuwa nayo ya nafsi yake. Hatia inatafuta adhabu, na VVU ndiyo adhabu tuliyofundishwa tangu utotoni kwa mabango ya mafuvu na mifupa. Kirusi hakijui nani ana hatia. Kinajua majimaji na njia ya kupenya tu.

Kwa hiyo kama una hatia, ishughulikie kama hatia. Zungumza na mtu unayemwamini, au na kiongozi wako wa dini kama ndiye anayekufaa. Hakuna kipimo cha damu kitakachokusamehe.

Saa_za_Hofu

Samahani kuingilia. Yangu ilipasuka, jana usiku. Nimesoma uzi wote natafuta jibu. Nasubiri siku 45?

Mnasihi

Hapana! Acha kusoma, nenda sasa hivi kwenye kituo cha afya kinachotoa huduma za VVU, waambie kondomu ilipasuka na unataka kutathminiwa kwa ajili ya PEP, dawa za kuzuia VVU visishike baada ya tukio. Dawa hizi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo leo ni bora kuliko kesho asubuhi. Ukianza utameza siku 28 bila kuruka. Watakupima kwanza. Waulize pia kuhusu homa ya ini aina ya B na magonjwa mengine ya zinaa. Usiku au sikukuu, nenda idara ya dharura ya hospitali. Ukimeza PEP, siku za kusubiri kipimo cha mwisho zinahesabiwa tangu ulipomaliza dawa, watakupangia tarehe.

Mama_wa_Usiku, kama uko karibu: hili ni lenu pia, na mwanamke naye akapate PEP ikiwa hayuko kwenye PrEP na hajui hali ya mteja.

Saa_za_Hofu

Niko njiani. Asante.

Njia_Panda

Mnasihi, nimesoma yote na leo nimekula vizuri kidogo. Sijabonyeza shingo tangu uliponiambia. Nimebaki na moja. Nina mke na ananyonyesha. Nikae naye vipi hadi nipime? Nimwambie?

Mnasihi

Nafurahi kusikia umekula.

Kwa VVU, kwa tukio ulilolieleza, sina sababu ya kukuzuia kuwa na mkeo. Kinachonifanya nikuambie utumie kondomu naye kwa sasa ni yale mengine. Kisonono na klamidia vinaweza kupita kwa kunyonywa na vikakaa bila dalili. Kapime wiki ya pili baada ya tukio. Kaswende na malengelenge hupita kwa ngozi kugusana hata pale kondomu isipofunika, na kipimo cha damu cha kaswende kinahitaji muda zaidi, hivyo rudia ifikapo miezi mitatu. Ukiona kidonda, hata kisichouma, usisubiri tarehe. Yote matatu ya kwanza hutibiwa yakaisha. Kwa kuwa ananyonyesha, umakini huu una maana zaidi, maana mama akiambukizwa VVU kipindi cha kunyonyesha mtoto huwa kwenye hatari kubwa; hilo likumbuke siku zijazo, si kwa usiku huu uliopita.

Pima VVU mara moja, siku 45 kama utapata kipimo cha maabara, siku 90 kama ni cha kidole. Tarehe iandike, na kabla ya hapo usipime ili kujituliza.

Kuhusu kumwambia, siwezi kukuamulia. Kama kipimo chochote cha zinaa kitatoka chanya, hapo huna hiari: lazima ajue ili atibiwe naye, na kliniki zinaweza kukusaidia namna ya kumwambia. Kikitoka hasi, linabaki kati yako, yeye na ndoa yenu. Ninachokuomba ni usimwambie usiku huu, ukiwa umejaa hofu, kwa ajili ya kutua mzigo wako kwake. Pata majibu, lala siku kadhaa, kisha ukimwambia iwe kwa sababu yake yeye. Na ukitaka msindikizaji katika mazungumzo hayo, wanasihi tunapokea wanandoa wakiwa pamoja. Ni sehemu ya kazi yetu ya kila siku.